Jina Lile Lile, Mashine Siyo Ile

Maneno haya niliyasema mbele ya wapenzi wa gemu na mafundi wa mashine zake. Nimeyaandika yote kwa ajili ya waliotaka kuja wakakwama. Picha za ukutani nimeziacha, mtaelewa bila hizo.

Ndugu zangu, mafundi wenzangu, na ninyi watoto mliokaa chini hapa mbele, habari zenu. Nafurahi kuona kila mmoja amekuja na mashine yake kama tulivyoomba. Zishikeni vizuri, tutazihitaji mwishoni.

Naanza na mdogo wangu. Alikuwa na boksi la viatu limejaa diski za gemu, 23 kwa hesabu yake mwenyewe. Mashine yetu ikazeeka, lenzi ikachoka, mwisho ikagoma kabisa. Tukachanga, tukanunua nyingine. Jina lile lile, nembo ile ile, ila hii ilikuwa nyembamba na haikupiga kelele. Muuzaji akatuambia ni ile ile tu, imepunguzwa mwili. Tulipofika nyumbani mdogo wangu akachagua gemu aliyokuwa amebakiza hatua moja kuimaliza. Mashine ikaimeza diski, ikaizungusha, ikaandika kwamba haiitambui. Akaitoa, akaipuliza, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha. Mara tatu alifanya hivyo. Kisha akanigeukia, machozi yakimlengalenga: "Dada, nimeiharibu?"

Hakuwa ameharibu kitu. Kampuni iliyotengeneza mashine ile, ambayo sitaitaja, ilikuwa imeondoa uwezo wa kusoma gemu za kizazi kilichotangulia, na kwenye boksi haikuandika neno. Mtoto akabeba lawama ya uamuzi uliofanywa na watu wazima asiowajua.

Tangu nianze kazi ya ufundi, swali lile nimelisikia kwa watu wengi, watoto kwa wazee. Nimeiharibu? Diski yangu imekufa? Na mara nyingi jibu ni hapana, umebadilishiwa mashine bila kuambiwa. Jina kwenye boksi ni lile lile, mashine siyo ile. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kazi yangu mimi ni kufungua. Basi tuingie.

Kwanza tuulizane: mashine mpya inawezaje kucheza gemu ya zamani?

Njia kongwe kuliko zote ni kuichukua mashine ya zamani na kuiweka ndani ya ile mpya. Sisemi kwa mafumbo. Atari 7800 ya mwaka 1986 ilibeba ndani yake chipu ya picha ya Atari 2600, ndiyo maana kaseti za 2600 ziliingia zikacheza. Mega Drive ya Sega, iliyotoka Japani mwaka 1988, ilikuwa na prosesa mpya ya kuendesha gemu, lakini prosesa ya Master System, mashine yao iliyotangulia, ile Z80, nayo ilikuwamo, ikisaidia upande wa sauti. Sega wakauza kifaa cha kuchomeka juu kilichoitwa Power Base Converter, ili kaseti za Master System ziingie. Ukikifungua unashangaa jinsi kilivyo kitupu. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kuunganisha njia za umeme tu, kwa sababu Master System tayari ilikuwa imelala mle ndani ikingoja kuamshwa.

Lakini aliyeifanya kazi hii kwa uzuri wa kunigusa moyo ni PlayStation 2, ya mwaka 2000. Sony walikuwa na prosesa ya PlayStation ya kwanza. Badala ya kuitupa, na badala ya kuiweka pembeni ikae bure hadi siku utakapotumbukiza diski ya zamani, waliipa ajira. Ukicheza gemu ya PS2, prosesa ile ya kale inashughulikia padi, kadi za kumbukumbu, sauti na usomaji wa diski, ikienda kwa kasi ya karibu megahezi 37. Ukiweka diski ya PlayStation ya kwanza, inashuka hadi karibu megahezi 34, kasi yake ya ujana, na kurudi kuwa bosi wa mashine nzima. Chipu mpya ya picha ndiyo inayojifunza kuiga ile ya zamani. Hata kadi za kumbukumbu za zamani ziliingia kwenye tundu zile zile, na gemu ya zamani ilihifadhi safari yako kwenye kadi ya zamani.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Wahandisi wale walitandika msala mpya juu ya mbachao. Konsoli ile iliuzwa zaidi ya milioni 150, na ninaamini, kwa maoni yangu kama fundi, kwamba sehemu ya siri ya mauzo hayo ni hii: siku ya kwanza unaifungua, rafu yako ya gemu haikuwa tupu.

Sasa tazameni hiki mkononi mwangu. Watoto, sogeeni. Hii ni Game Boy Advance ya mwaka 2001, na hizi ni kaseti mbili. Hii ndefu ni ya Game Boy ya kwanza, hii fupi ni ya Advance. Tazameni pembe za chini za hii fupi: zimekatwa vipande vidogo. Mnaona? Hii ndefu pembe zake ni kamili. Ndani ya tundu la mashine, pembeni kabisa, kuna swichi ndogo kuliko punje ya mchele. Kaseti ya zamani ikiingia, pembe yake inaibonyeza swichi hiyo. Mashine inajua mara moja kwamba mgeni huyu ni wa zamani. Inabadilisha umeme wa kaseti kutoka volti 3.3 kwenda volti 5, inaamsha prosesa ya kizazi kilichopita iliyomo ndani, na prosesa mpya inakaa kando. Kaseti ya Advance ikiingia, pale palipokatwa panapita bila kuigusa swichi.

Hakuna menyu. Hakuna kuulizwa swali. Kipande cha plastiki kinaigusa swichi au hakiigusi, basi. Nimekarabati nyingi hizi, na kila nikifika kwenye swichi hiyo nasimamisha mkono kidogo. Kuna mtu alikaa akafikiria kaseti zako ulizokwisha nunua.

Je, swichi hiyo ilidumu? Hapana. Mwaka 2005 ikaja Game Boy Micro, nzuri, ndogo, inakaa kiganjani, na kaseti za Game Boy ya kwanza haichezi. Nintendo DS ilipokea kaseti za Advance, DSi iliyoifuata ikaliondoa tundu lote. Wii ya mwaka 2006, ukifunua vifuniko vyake unakuta tundu nne za padi za GameCube, mashine ya Nintendo iliyoitangulia, na mbili za kadi zake. Ikaja Wii nyingine mwaka 2011, rangi ile ile nyeupe, jina lile lile, na tundu zote zimeondoka pamoja na gemu zote za GameCube.

Hapo ndipo penye jambo langu kubwa. Vizazi kubadilika, hilo tumelizoea. Ukinunua mashine yenye jina jipya unajua unaingia nyumba mpya, utauliza kilichomo. Kinachoumiza ni mabadiliko yanayotokea katikati ya kizazi, chini ya jina lile lile.

Hebu niwapitishe kwenye PlayStation 3 hatua kwa hatua, maana ndiyo darasa lenyewe.

Novemba 2006 inatoka Japani na Marekani, ya gigabaiti 20 na ya gigabaiti 60. Ukiifungua unakuta, pembeni ya prosesa yake mpya, prosesa kuu ya PS2 na chipu ya picha ya PS2, zimelehemiwa kwenye bodi moja. PS2 karibu nzima inaishi ndani ya PS3. Diski zako zinacheza.

Machi 2007 inafika Ulaya. Ni PlayStation 3, ni gigabaiti 60, mwili ule ule mweusi unaong'aa. Lakini prosesa kuu ya PS2 haimo. Imebaki chipu ya picha peke yake, na kazi ya prosesa iliyoondolewa inafanywa na programu ya kuiga. Gemu nyingi zinacheza, nyingine zinayumba, nyingine zinagoma. Ndugu zangu, nisikilizeni: mashine mbili, jina moja, ukubwa mmoja wa diski ya ndani, mwaka mmoja haujapita kati yake. Ziweke mezani bega kwa bega, mtu mzima hawezi kuzitofautisha. Geuza chini usome stika: moja imeandikwa CECHA, nyingine CECHC. Herufi moja. Tofauti yote ya rafu yako ya gemu iko kwenye herufi moja.

Kabla mwaka 2007 haujaisha ikaja ya gigabaiti 40. Tundu za USB zikapungua kutoka nne hadi mbili, tundu za kadi za kamera zikaondoka, na PS2 ikaondoka yote. Tangu hapo hakuna toleo jipya la PS3 lililobuniwa likiwa na uwezo wa kucheza diski za PS2. Diski za PlayStation ya kwanza, PS3 zote huzicheza hadi leo, kwa sababu hizo huigwa kwa programu tu na haikugharimu chipu.

Kwa nini walifanya hivyo? Tuseme haki. Mashine ile ilikuwa ghali kutengeneza na Sony walikuwa wakiiuza kwa hasara. Kila chipu kwenye bodi ni pesa, ni joto, ni lehemu inayoweza kupasuka. Mimi ni fundi, najua kwamba bodi yenye vipande vichache ndiyo inayodumu. Marekebisho ya ndani yana heri zake: Xbox 360 za mwanzo ziliwavunja watu moyo kwa zile taa nyekundu za kuonyesha kwamba mashine imekufa, hadi Julai 2007 Microsoft wakaongeza dhamana hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa matengenezo. Bodi zilizofuata zilikuwa na chipu ndogo, zenye joto dogo, na zilidumu zaidi. Nani angetaka zisirekebishwe?

Kwa hiyo sipingi marekebisho. Napinga ukimya. Ondoa chipu ukilazimika, lakini sema. Andika kwenye boksi kwa herufi za kusomeka. Ni wino kiasi gani huo?

Sasa kuna jambo jingine ambalo nikiwaeleza vijana wanaonijia kujifunza, hawaamini mara ya kwanza. Kazi ngumu ya mashine mpya mara nyingi ni kujizuia isiende haraka.

Fikirini mwandishi wa gemu ya konsoli. Anajua kila mashine itakayocheza gemu yake ni sawasawa na iliyo mezani kwake. Basi anapiga hesabu: chipu hii itamaliza kazi hii, kisha ile itakuwa tayari, kisha picha itatoka. Hahitaji kuuliza kama mwenzake amemaliza, anajua amemaliza, kwa sababu muda huwa ni ule ule. Sasa wewe mhandisi leta chipu yenye kasi zaidi. Mmoja anafika mapema, mwenzake hajafika, na gemu inaganda ikiwa imebakiza hatua moja.

Mwaka 2010 Microsoft walitoa Xbox 360 S. Kabla ya hapo prosesa kuu na chipu ya picha zilikuwa vipande viwili vikizungumza kwa njia iliyo kati yao. Katika 360 S vikaunganishwa kuwa kipande kimoja. Mazungumzo yangekuwa ya haraka mno, jambo jema, siyo? Wahandisi wakajenga ndani ya kipande hicho sehemu maalumu ambayo kazi yake ni kuchelewesha, ili ujumbe uchukue muda ule ule uliochukua ulipokuwa ukisafiri juu ya bodi ya zamani. Walitumia akili, muda na nafasi ya silikoni kuifanya mashine mpya isiwe na haraka, ili gemu zilizokwisha uzwa zisijue kwamba kuna kilichobadilika. Hayo ndiyo marekebisho ninayoyapenda. Ukinunua ile, hukupoteza kitu.

Na siyo hao tu. Prosesa ya Wii huenda megahezi 729, ya GameCube 486. Gawanya: moja na nusu kamili. Weka diski ya GameCube na Wii inashuka hadi kasi ya GameCube. PlayStation 4 Pro ya mwaka 2016 ina chipu ya picha yenye vitengo 36, mara mbili ya vile 18 vya PS4 ya kawaida. Ikipewa gemu isiyoijua Pro, huzima nusu nzima ya chipu na kushusha kasi hadi megahezi 800, ile ile ya PS4 ya mwaka 2013. Na PlayStation 5, mkihesabu vitengo vyake vya picha, ni 36. Ni wakati ule ule wa zamani unaoheshimiwa. Sony walieleza kwamba zaidi ya asilimia 99 ya gemu zaidi ya 4,000 za PS4 zinacheza kwenye PS5, na mimi kwenye benchi langu nimeona jambo hilo likishikilia.

Ipo pia njia nyingine, ya programu tupu, na hapa nawapa Microsoft heshima yao. Xbox One ilitoka mwaka 2013 bila kucheza gemu za 360. Prosesa zilikuwa za ukoo tofauti kabisa, na wengi tulisema haitawezekana. Juni 2015 wakasimama jukwaani wakatangaza kwamba itawezekana, na Novemba mwaka ule ikaanza na gemu zaidi ya 100. Mwaka 2017 zikaongezwa za Xbox ya kwanza kabisa. Mashine iliyokwisha nunuliwa, iliyokaa sebuleni miaka miwili, ikaamka asubuhi moja inaweza kucheza diski ambazo jana haikuzijua. Wengine huondoa, hawa waliongeza.

Lakini sikilizeni vizuri diski hiyo inafanya nini. Ukiiweka, mashine haisomi gemu kutoka kwenye diski. Inaitazama kama mlinzi anavyotazama kitambulisho, inaridhika kwamba unayo, kisha inapakua kutoka mtandaoni gemu iliyoandaliwa upya. Diski ni ushahidi tu. Siku seva zikizimwa, ushahidi utabaki mkononi na gemu haitakuwepo. Na Novemba 2021 Microsoft walisema wamefikia mwisho wa kuongeza gemu, kwa vikwazo vya leseni, vya sheria na vya kiufundi. Wimbo ulionunuliwa haki kwa miaka kadhaa, kampuni iliyofungwa, picha ya gari ambayo mkataba wake umekwisha: hayo huizuia gemu hata pale ambapo chipu ingekubali.

Switch 2 ya Nintendo, iliyotoka Juni 5, 2025, nayo ni mchanganyiko. Ndani yake hamna chipu ya Switch ya kwanza, inatafsiri maagizo ya gemu papo hapo wakati unacheza. Nyingi zinakwenda. Lakini ile duara ya mazoezi ya Ring Fit Adventure haiingii kwenye padi zake mpya, na gemu inahitaji uwe na padi za zamani. Umeona? Programu imepita, plastiki imekwama. Kwa hiyo mkiuza mashine zenu za zamani, padi zake zibakizeni.

Niseme haraka kuhusu sauti, maana kuna mafundi hapa watanidai. Mega Drive za mwanzo na za baadaye hazilii sawa. Chipu ya sauti ilibadilishwa njiani, na ule mkwaruzo mdogo wa ile ya kwanza, ambao watunzi walishausikia walipokuwa wakitunga, ukapotea kwenye ile safi zaidi. Gemu inacheza, lakini si vile ilivyosikika siku ilipotungwa. Mimi naupenda ule mkwaruzo.

Na wale mnaosema, "Mimi sina diski, nanunua kwa kupakua," msidhani mko salama. Machi 27, 2023 Nintendo walifunga mauzo ya duka la mtandaoni la mashine zao za 3DS na Wii U. Julai 29, 2024 duka la Xbox 360 likafungwa. Gemu zilizouzwa humo tu, ambazo hazikupata diski wala kuhamishiwa mashine mpya, hazinunuliki tena popote. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilichapisha utafiti wake: asilimia 87 ya gemu za kale zilizotoka Marekani haziuzwi tena na wenye haki zake. Katika gemu 100, 87. Mashine mpya kucheza gemu ya zamani ndiyo mojawapo ya milango michache iliyobaki wazi, na kila toleo linaloufunga kimyakimya linatupunguzia.

Mdogo wangu sasa ni mtu mzima. Miaka michache iliyopita nilipata bodi ya toleo la zamani la mashine ile, nikabadilisha lenzi, nikasafisha feni, nikailehemu upya palipochoka. Nikampelekea. Boksi la viatu lilikuwa bado lipo, na kadi ya kumbukumbu ilikuwa ndani yake, imefungwa kwenye kipande cha kitambaa. Diski ilizunguka, ikasoma, na hatua ile ya mwisho ilikuwa pale pale alipoiacha. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Kumbe ilikuwa nzima."

Sasa ndugu zangu, zimeni mashine zenu, chomoeni waya, mzigeuze polepole. Chini au nyuma kuna stika yenye herufi na namba. Someni kwa sauti mmoja mmoja, nami nitamwambia kila mtu kilichomo ndani ya yake. Tuanze na wewe, mtoto wa shati la bluu. Imeandikwa nini?